Puerto Rico, St. John, Aruba au Jamaica? Kuchagua kisiwa ukiwa na watoto wadogo kipindi hiki cha korona

Wazazi wenzangu, naandika hii katikati ya Desemba 2021 maana ndani ya wiki moja watu watatu wameniuliza kitu kilekile, kwamba mwezi wa pili baridi likizidi twende wapi na watoto pakiwa na joto na bahari ya Karibi bila kufilisika na bila kukwama huko, na huku masharti ya korona yanabadilika kila ukiamka. Mi nimekaa na daftari langu wiki tatu nzima, usiku watoto wakilala naanza kusoma masharti ya kisiwa kimoja kimoja, kwa hiyo bora niyaweke hapa yote yasaidie na mwingine.

Kwanza mjue hali yetu, manake ndo inaamua kila kitu. Tuko Maryland, wakubwa wawili tumechanja mpaka busta, mkubwa wetu ana miaka 6 na kamaliza dozi zake mbili za Pfizer juzijuzi tu (si unajua wa miaka 5 mpaka 11 wameruhusiwa mwanzoni mwa Novemba), alafu mdogo ana miaka 3 ambaye chanjo ya umri wake haipo kabisa bado. Kama wa kwako ana miezi 18 au wote wameshavuka 12 hesabu zako zitakuwa tofauti na zangu, usinakili tu.

Nilianza na visiwa kumi nikabaki na vinne. Cayman nimeitoa mapema, wamefungua kwa watalii Novemba 20 baada ya kufunga tangu Machi 2020 na mi sikutaka watoto wangu wawe wa kwanza kujaribu utaratibu mpya. Turks and Caicos ile Grace Bay picha zake zinakata roho kweli, na tangu Septemba 1 wanataka kila mwenye miaka 16 na kuendelea awe amechanja, kitu ambacho kwangu ni sifa, wanataka pia bima ya safari yenye korona ndani, ila bei za hoteli za pale zilinishinda. Grenada niliitaka kwa moyo, kisiwa cha viungo kama Zanzibar, kungumanga mpaka kwenye bendera ya nchi, lakini kwetu hakuna ndege ya moja kwa moja na kuunganisha ndege na mtoto wa miaka 3 aliyevaa barakoa siku nzima hapana. Barbados nimeipita tu, St. Vincent nayo bado inajipanga baada ya volkano ya La Soufrière kulipuka Aprili 9 mwaka huu, mpaka Barbados kule majivu yaliwafikia. Bahamas nitaigusa hapo chini.

Vilivyobaki ni Puerto Rico, St. John (ile ya Virgin Islands za Marekani), Aruba na Jamaica.

Anza na kurudi, sio kwenda

Mwanzoni nilikuwa nalinganisha fukwe. Nina kurasa nne za daftari zimejaa habari za mchanga na mabwawa ya kuogelea, na kumbe nilikuwa naanzia mwisho. Ukiwa na watoto wadogo sa hivi swali la kwanza ni utarudije nyumbani.

Iko hivi. Tangu Januari 26, 2021 kila abiria wa miaka 2 na kuendelea anayeingia Marekani kwa ndege kutoka nchi ya nje lazima aonyeshe kipimo kinachosema hana korona, hata kama ni raia, hata kama ni mtoto anayenyonya kidole. Kwa waliochanja kipimo kilikuwa ndani ya siku 3 kabla ya ndege, lakini tangu Desemba 6, yaani wiki iliyopita, ni siku 1 tu kwa kila mtu, uwe umechanja uwe hujachanja. Hiyo siku 1 sio masaa 24 ya saa ya ukutani, watu wengi wanachanganya hapo, maana yake ni muda wowote wa siku inayotangulia siku ya ndege, kwa hiyo kama ndege yako ni Jumapili jioni ukipima Jumamosi asubuhi bado uko sawa.

Sasa fikiria Jumamosi hiyo mko Aruba, mabegi yamefungwa, mdogo anapimwa anakutwa nayo. Hana hata mafua. Hapandi ndege. Anatengwa siku 10, na mtoto wa miaka 3 hatengwi peke yake, mzazi mmoja anabaki naye, hoteli mnalipa, ndege mnabadilisha, kazini unapiga simu unaanza kujieleza, na yule mwingine naye kama alilala chumba kimoja na ndugu yake mnaanza kumuangalia kwa macho mengine. Sisemi haya kutisha watu, nina jirani yamemkuta kwenye kisiwa ambacho hata sikitaji, na kilichomuumiza zaidi ya hela ni pampasi na maziwa kuisha wakiwa ndani ya chumba na hoteli haina mtu wa kuwatuma dukani.

Puerto Rico na Virgin Islands za Marekani sio nchi ya nje. Ni ardhi ya Marekani, kwa hiyo kile kipimo cha kurudi hakiwahusu. Hapo naomba nieleweke vizuri, sisemi mtu apande ndege na mtoto mgonjwa kwa sababu hakuna anayeuliza karatasi, hapana, akiumwa mnabaki na mnajitenga kama mngekuwa nyumbani. Tofauti ni kwamba safari yenu nzima haiwi imening'inia kwenye kijiti kimoja cha puani kwa mtoto ambaye hana dalili yoyote, na mkibaki mnabaki mahali ambapo bima nyingi za afya za huku zinafanya kazi na daktari wenu wa watoto mnampigia simu kama kawaida.

Hesabu ya vijiti

Hiki ndo kipengele nilichokipenda, nilihesabu mara ngapi mtoto wangu atachomekwa kijiti puani kwa kila kisiwa, kwenda na kurudi, watoto tu bila sisi.

Puerto Rico wakubwa na yule wa miaka 6 tunapandisha kadi zetu za chanjo kwenye fomu yao ya mtandaoni basi, mdogo kwa vile hajachanja na ameshavuka miaka 2 anahitaji PCR (kile kipimo cha maabara) ya ndani ya masaa 72 kabla ya kufika. Kurudi hakuna. Jumla kijiti kimoja.

Virgin Islands kila mwenye miaka 5 na kuendelea anapima ndani ya siku 5 kabla ya safari, chanjo au sio chanjo, unapandisha majibu kwenye tovuti yao wanakupa ile alama ya QR ya kijani. Mdogo wangu hapimwi kabisa. Kurudi hakuna. Jumla kimoja, tena ni cha mkubwa ambaye ukimuahidi aiskrimu anakaa ametulia.

Aruba walio chini ya miaka 12 hawapimwi kuingia, wanaingia raha mustarehe, lakini kurudi wote wawili. Jamaica hivyohivyo, kipimo cha kuingia kinaanzia miaka 12, kurudi ni wote wawili. Kwa hiyo vijiti viwili viwili, na vyote ni vya siku ya mwisho ambapo hamna pa kukimbilia. Bahamas kuanzia miaka 2 mtoto anapimwa kwenda na anapimwa kurudi, vijiti vinne kwa wanangu wawili, na ndo maana nimeitoa ingawa Nassau ni karibu kweli kutoka Florida.

Kitu kimoja kuhusu PCR ya mdogo, ianzeni kutafuta sasa hivi. Maduka ya dawa baadhi hayapimi watoto wadogo kabisa, unafika na miadi yako wanakwambia huyu hajafikisha umri, na vipimo vinavyochukua siku 3 kuleta majibu havikusaidii kitu kwa sharti la masaa 72. Sisi mwezi wa nne mwaka huu tulipoteza safari nzima hivyo, majibu yalitoka ndege ikiwa imeshaondoka, na hela ya nyumba tuliyokodi haikurudi. Nililia jikoni siku ile. Kwa hiyo sa hivi naanza na ofisi ya daktari wa watoto, nawauliza kwa sauti, majibu yanatoka kwa masaa mangapi na mnafanya Jumamosi au hamfanyi.

Na kama mmechagua Aruba au Jamaica, nunueni vile vipimo vya nyumbani vya BinaxNOW vinavyofanywa mbele ya mtu kwa video, CDC, wale wa serikali ya Marekani wanaosimamia magonjwa, wanavikubali kwa kurudi tangu mwezi wa tano. Ni vile vya kusimamiwa kwa video, vile vya kawaida vya kwenye rafu ya duka havikubaliki. Unavibeba kwenye begi la mkononi, siku moja kabla mnakaa mezani na simu na waifai nzuri, mtoto anapimwa na mama yake badala ya mtu mgeni aliyevaa kama mwanaanga. Bebeni viwili vya ziada, kimoja kinaweza kuharibika.

Makaratasi, na hapa wengi wetu tunajikwaa

Kuna jambo ambalo wazungu hawaliandiki kwenye miongozo yao ya safari maana haliwahusu. Nyumba zetu nyingi zina makaratasi mchanganyiko, mama ana grinikadi, baba ana pasipoti ya Tanzania na viza ya kazi ambayo stempu imeisha, watoto wamezaliwa huku lakini pasipoti hawana. Kwenda Aruba au Jamaica mtoto raia anahitaji pasipoti, na ya mtoto chini ya miaka 16 inataka wazazi wote wawili wafike kusaini, na mwaka huu pasipoti zimechelewa vibaya, kiangazi kilifika kipindi wanasema mpaka wiki 18. Kama mnaanza leo kwa safari ya mwezi wa pili mtakuwa mnacheza bahati nasibu.

Puerto Rico unapanda ndege kama unayekwenda Texas. Mtoto haulizwi kitambulisho, mkubwa anaonyesha cha kawaida. Ndugu yangu mdogo, sio mwanangu, ambaye maombi yake ya grinikadi yako ofisini hajibiwi alikuwa anaogopa hata kutamka neno safari, nikamwambia Puerto Rico hutoki Marekani.

Virgin Islands nako hutoki Marekani lakini kuna tofauti moja kubwa, wakati wa kuondoka St. Thomas mnapita kwa maofisa wa forodha na uhamiaji kabla ya kupanda ndege, kwa sababu visiwa vile viko nje ya eneo la forodha la Marekani. Raia anaonyesha kitambulisho anapita. Ambaye makaratasi yake hayajakaa sawa aongee na mwanasheria kwanza kabla hajalipa nauli, hili msilichukulie poa. Puerto Rico wanakagua mabegi tu, habari za matunda na mimea.

Aruba nao wana kitu kizuri, uhamiaji wa Marekani mnaumaliza palepale uwanja wa ndege wa Aruba, mkitua huku mnatoka kama mmetoka Chicago. Ila ndo mfike uwanjani mapema sana, na foleni ndefu na watoto wenye usingizi ni mtihani wake peke yake. Kuingia kule mnajaza kadi yao ya mtandaoni inaitwa ED na kuna bima yao ya lazima ambayo inalipia matibabu ya korona ukiugua ukiwa kisiwani. Jamaica nao wana kibali chao cha kusafiri cha mtandaoni, sio kigumu.

Bahari yenyewe sasa

Hapa niseme ukweli, kwa bahari peke yake Aruba inawashinda wote kwa mtoto wa miaka 3. Kuna ufukwe uko kusini kule San Nicolas unaitwa Baby Beach, ni kama bakuli, maji yamezungukwa, yametulia, unaenda hatua nyingi bado yako magotini kwa mtu mzima. Eagle Beach na Palm Beach nazo ziko upande uliotulia wa kisiwa. Mvua kidogo sana, vimbunga kwa kawaida havifiki maana kisiwa kiko chini kabisa karibu na Venezuela. Upepo ndo mwingi, mchanga unaruka machoni, mtoto akivua kofia mtaikimbiza. Maji ya bomba yanatokana na bahari iliyosafishwa, mnakunywa bila wasiwasi, na ukiwa na mtoto wa kuchanganyiwa maziwa hilo sio dogo.

St. John ni kitu kingine kabisa. Karibu asilimia 60 ya kisiwa ni hifadhi ya taifa tangu 1956, kwa hiyo hakuna mahoteli yaliyopangwa ufukweni, ni kilima, msitu na bahari. Maho Bay maji yametulia na kasa wanakula majani pale chini, mkubwa wangu toka nimuonyeshe picha ya kasa kila asubuhi ananiuliza bado siku ngapi. Trunk Bay kuna njia ya kuogelea chini ya maji yenye vibao vya maelezo kwenye matumbawe, kiingilio dola 5 kwa mtu mzima, watoto bure. Angalieni losheni ya jua mnayobeba, tangu Machi 2020 Virgin Islands wamepiga marufuku losheni zenye oxybenzone, octinoxate na octocrylene kwa ajili ya matumbawe, soma nyuma ya chupa, tafuta iliyoandikwa zinki. Aruba nao oxybenzone hawataki.

Kufika huko ndo kazi. Unatua St. Thomas, teksi mpaka Red Hook, feri kama dakika 20 mpaka Cruz Bay, alafu gari aina ya jeep la kukodi kwenye milima. Na wanaendesha kushoto! Ndo sehemu pekee ya Marekani wanaendesha kushoto kama kwetu, ila usukani wa gari uko kushoto vilevile kwa hiyo mtu wa Dar hatajisikia nyumbani kama anavyodhani. Kuna yale magari ya wazi yenye mabenchi nyuma yanayobeba abiria, na wenyewe wanayaita safari, neno letu kabisa limevuka bahari limefika kule. Nilifurahi mno. Mtoto wa miaka 3 kwenye benchi la wazi mlimani mi simpandishi lakini, nitakodi gari nifunge kiti chake.

Puerto Rico chagueni ufukwe kwa makini. Upande wa Atlantiki San Juan, Condado na kwingine, mawimbi yanapiga kweli, mwezi wa pili bahari ya kaskazini ni kali, usiamini picha. Nendeni Luquillo, kama dakika 45 toka San Juan, ghuba imekingwa, maji yametulia, vyoo vipo, na pembeni kuna mstari mrefu wa vibanda vya chakula. Pale karibu ndo El Yunque, msitu pekee wa mvua wa kitropiki kwenye misitu ya taifa ya Marekani, sa hivi kwa sababu ya korona mnabuku muda wa kuingia mtandaoni kabla, na nafasi zinaisha. Siku ikiwa na upepo mnaenda San Juan ya zamani, pale mbele ya ngome ya El Morro kuna uwanja mkubwa wa nyasi watu wanarusha vishada. Kishada kimoja na watoto wawili masaa mawili yameisha.

Jamaica bahari ni nzuri, Negril ule ufukwe mrefu wanaouita Maili Saba umetulia, lakini toka Montego Bay ni saa na nusu ya barabara na mdogo wangu anatapika kwenye gari. Ukibaki Montego Bay utakuwa ndani ya hoteli.

Hoteli ya kila kitu ndani au nyumba yenye jiko

Jamaica ndo inang'ara hapa. Hoteli zile kubwa unalipa mara moja mnakula mnakunywa, kuna chumba cha michezo cha watoto, na nyingi zinapima korona palepale hotelini, nyingine zinasema ukikutwa nayo siku za kujitenga wanagharamia wao. Hilo ulizeni kwa maandishi kabla ya kulipa, siku ngapi, chumba gani, chakula kinaletwa au hakiletwi, na mtoto akikutwa nayo, gharama za wazazi nazo zimo? Kwa mtu anayetaka kupumzika asipike hata yai hiyo ofa ni ya kweli. Ila mtalii anatakiwa kubaki ndani ya ule ukanda wao wa utalii, na Agosti na Septemba walikuwa na siku nzima za kutotoka nje, Jumapili, Jumatatu na Jumanne, kwa hiyo msipange mizunguko mingi.

Mi kwa korona nataka nyumba yenye jiko na mlango wangu. Sitaki mtoto ambaye hajachanja kwenye ukumbi wa bufee na watu mia mbili wamevua barakoa. Puerto Rico nyumba ziko nyingi kwa bei ya mtu wa kawaida, na chakula ndo kimenivuta, wali maharage jamani, wanakula wali maharage kila siku kama sisi! Ndizi mbichi wanazikaanga wanaziponda, mofongo ni ndizi iliyokaangwa ikatwangwa na kitunguu saumu kwenye kinu. Mtoto aliyezoea ndizi za bibi hawezi kulala njaa kule. Jamaica nao wali wao na maharage unapikwa na tui la nazi, ukifumba macho uko Tanga. St. John vyakula dukani ni ghali sana, karibu kila kitu kinakuja kwa meli, ukienda beba begi zima la unga, vitafunwa na pampasi toka nyumbani, sifanyi mzaha.

Puerto Rico umeme unakatika. Gridi yao haijakaa sawa tangu kimbunga Maria, Septemba 2017, na mwaka huu malalamiko yamekuwa mengi. Sisi tuliokulia mgao tunajua cha kuuliza, nyumba ina jenereta? Ina tangi la maji? Mwenye nyumba akijibu kwa kuzungukazunguka tafuta nyingine.

Gari la kukodi buku kabla hata ya ndege. Mwaka huu wote magari ya kukodi yamekuwa adimu na bei imepanda ajabu, watu wamekodi malori ya kuhamia kwenda nayo likizo. Kiti cha mtoto beba chako.

Akiumwa kitu kingine kabisa

Tumeshika korona mpaka tumesahau kwamba mtoto anaweza kuvunjika mkono. San Juan kuna hospitali ya watoto kabisa, San Jorge, na mji ni mkubwa. Aruba hospitali kuu iko Oranjestad, jirani na fukwe, kisiwa ni kidogo kwa hiyo hakuna mbali. St. John kuna kliniki tu, kubwa iko St. Thomas, maana yake ni boti usiku na mtoto mwenye homa. Hilo ndo lilinitoa St. John mwaka huu, na lilinitoa kwa shida, mume wangu alishaanza kuangalia tiketi. Mbu wapo visiwa vyote, wapakeni dawa jioni, dengue ipo Karibi kama ilivyo Dar.

Kwa hiyo nani aende wapi

Kama watoto wako wote wako chini ya miaka 2, nenda Aruba bila kufikiria mara mbili ikiwa pasipoti zipo, hawapimwi kwenda wala kurudi, wasiwasi unabaki kwenu wakubwa tu na bahari ni ya bakuli. Kama wako ni wa miaka 8 au 10, wanajua kuogelea, wamechanja, St. John itawapa kitu ambacho hawatasahau. Kama mmechoka, mwaka mzima mmefanya kazi na shule ya kwenye kompyuta juu ya meza moja, na kazini mnaweza kuongeza siku 10 bila kufukuzwa, Jamaica hoteli ya kila kitu ndani, mchague ile inayoandika kwamba inagharamia. Kama makaratasi ya nyumba ni mchanganyiko, au mna mmoja wa miaka 2 mpaka 4 kama wangu, au likizo yenu kazini ni ya kuhesabu, Puerto Rico.

Mama yangu kanipigia kutoka Tanga ananiuliza hizo hela si ungewaleta watoto waone bahari ya kwao? Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia mama, ndege tatu na yule mdogo ambaye hajachanja, na kurudi anapimwa, na nikikwama nakwama wiki mbili kazi sina. Akanyamaza akasema haya mwanangu, nitawaona wakichanjwa wote. Kwa hiyo mdogo akipata chanjo yake Tanga ndo ya kwanza, Karibi itasubiri.

Kwa mwezi wa pili tumelipia Puerto Rico, ndege ya moja kwa moja toka Baltimore kama masaa manne, nyumba Luquillo yenye jenereta na mwenye nyumba anayerudisha hela yote mpaka siku 5 kabla, niliyatafuta hayo masharti ya kurudisha hela kuliko nilivyotafuta picha za chumba. Masharti yanaweza kubadilika kabla ya mwezi wa pili, hiki kirusi kipya cha Omicron kimeanza kupanda kila mahali, kwa hiyo kila Jumatatu nafungua tovuti yao nasoma upya, na tukiona hali imechafuka tunaghairi kabla ya zile siku 5.

Kazi iliyobaki nyumbani ni barakoa ya mdogo. Kwenye ndege ni lazima kuanzia miaka 2 na kuna familia zimeshushwa kwa ajili hiyo. Tunafanya mazoezi wakati wa katuni, barakoa ikivuliwa katuni inasimama, hatumkaripii, tunasubiri tu. Wiki ya kwanza alidumu dakika 6. Jana alimaliza katuni nzima ya dakika 25, kisha akamvalisha na mdoli wake.